Vikombe Ishirini na Vitatu

Juni, upepo wa Dodoma haubishi hodi.
Unaingia na vumbi la Ntyuka mpaka mezani kwangu,
unakaa juu ya hati za malipo
kama mjumbe asiyealikwa.

Mimi ni mkaguzi wa ndani, daraja la pili.
Kazi yangu ni kuiuliza nyumba inayouliza wengine.
Wao huuliza barabara iko wapi, dawa ziko wapi;
mimi huuliza wino wa mashine uko wapi,
na dizeli ya jenereta iliyoungua Machi
iliendelea kunywewa na nani Aprili na Mei.

Jana fungu letu lilipita.
Saa mbili kasoro usiku, watu wamechoka,
kasma ikasomwa, ikajibiwa ndiyo,
nyingine ikasomwa, ndiyo,
ndiyo ndefu, ya mtu mwenye njaa,
mpaka mishahara, mpaka viti, mpaka maua ya mlangoni.
Nilisikiliza kwenye kipaza sauti cha korido.
Siyo sikuisikia hata moja.

Leo nina jalada la semina ya kamati.
Washiriki sitini. Chai sitini, posho sitini,
sahihi sitini zilizopangana vizuri
kuliko watu wanavyoweza kupangana.

Nikashuka jikoni.
Sechelela Ndahani alikuwa anasuuza,
mikono imepauka kwa sabuni ya unga.
Nikamwuliza habari za siku ile. Akafikiri kidogo.
"Ishirini na vitatu," akasema.
"Vikombe. Na kimoja kilikatika mkono,
wakanikata elfu mbili."
Haandiki popote. Anakumbuka kwa vidole.

Jina lake halimo kwenye fungu letu.
Yumo ndani ya neno moja, "huduma",
na huduma ina mzabuni,
na mzabuni ana simu isiyopokelewa.
Mwezi wa pili huu hajalipwa.
Anatoka Nkuhungu kwa mguu, saa kumi na moja alfajiri,
ili chai ya wanaojadili mishahara isichelewe.
Sikumwuliza hayo. Aliyasema mwenyewe,
akipangusa kikombe kilichokwisha kukauka.

Nikapanda ngazi na hesabu yangu:
sitini, toa ishirini na vitatu.
Thelathini na saba walikunywa bila vikombe.
Nikaanza kuwatafuta kwenye daftari la mahudhurio,
kwa rula, kwa kalamu nyekundu,
na niseme kweli, nilikuwa nafurahia.

Mstari wa arobaini na moja
nikakuta mwandiko ninaoujua:
herufi zinalalia kulia,
nukta za i zimerukia kando.
E. M. Chilongani.

Siku ile nilikuwa Mvumi, tunamzika shangazi.
Jumatatu yake Msanjila wa masijala aliniletea karatasi,
akaniwekea kidole: "Hapa tu, kaka."
Nikasaini nimesimama, simu sikioni.
Zile pesa ziliezeka choo cha nyumbani.
Bati zinang'aa mpaka leo,
ukipita barabarani unaziona.

Nyani haoni kundule, wanasema.
Mimi nimeliona, na lina sahihi.

Saa kumi na mbili. Kengele ya ukumbini imelia,
ya jambo jingine.
Hoja nimeiandika mara tatu.
Ya kwanza ilisema "baadhi ya washiriki".
Ya pili ilisema "kasoro za kiutaratibu".
Ya tatu inaanza na jina langu,
nami nalitazama kama mtu anavyomtazama
mgeni aliyekuja na mizigo.

Chini jikoni vikombe vinagongana, polepole.
Anavihesabu kabla ya kufunga.
Kikipungua kimoja
kuna mtu atakayelipa, na anamjua.